Kijana, neno kubwa halikupi chuo!

NDUGU msomaji, wahenga walinena kuwa asiyejua maana haambiwi maana. Leo nawakosea adabu wahenga. Nataka kukwambia maana wewe usiyeijua, na hata wewe unayejidai kuwa unaijua. Usinikasirikie kabla hujafika mwisho. Ukishafika, nikasirikie utakavyo.

Nilikwenda Uroa, arusini kwa jamaa. Wewe kijana wa Michenzani, Jang'ombe au Mwanakwerekwe, pengine Uroa unaijua kwa kupita tu. Unafika Chwaka, unaifuata pwani kwenda kaskazini, unaona minazi, unaona hoteli, na maji yakiwa yametoka unaona kina mama wameinama kwenye mwani. Basi. Lakini Uroa nako kuna vijana wenye kutaka chuo kama unavyokitaka wewe.

Baada ya kula tulikaa barazani. Akaja kijana mmoja, akatuamkia shikamoo mmoja mmoja, akakaa. Mtihani wa kidato cha nne ulimtupa, sasa anajitayarisha kuurudia akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, maana bila ya cheti chuo hakuna. Mkononi ana daftari nene. Nikamwuliza limeandikwa nini. Akatabasamu. "Kiingereza, mjomba. Maneno magumu. Niulize lolote."

Nikalifungua. Subhanallah! Ukurasa hadi ukurasa, kwa hati safi, maneno ambayo hata Mwingereza mwenyewe akitaka kuyatumia humbidi avae tai kwanza. "Loquacious." Akajibu hapo hapo: mwenye maneno mengi. "Ubiquitous." Kilichopo kila mahali. "Perspicacious." Mwenye kuona mbali kwa akili. Baraza nzima ikampigia makofi. Mzee mmoja akasema huyu mtoto ni profesa tayari, kilichobaki ni joho tu.

Kumbe ndani ya daftari mlikuwa na karatasi iliyokunjwa, mtihani wa zamani wa Historia. Nikaichukua, nikamsomea swali lililoanza na maneno mawili: "Account for". Nikamwuliza, hapa mwanangu unatakiwa ufanye nini?

Akafikiri. Akajikuna kichwa. Kisha akasema, "Hapa wanataka hesabu, mjomba. Ile akaunti."

"Hesabu katika Historia?"

Kimya. Baraza nzima ikanyamaza naye.

Ndugu msomaji, maneno hayo mawili yanataka jambo moja tu: toa sababu, eleza kwa nini jambo limetokea. Kijana anayajua majina ya kiongozi mwenye kuona mbali na majina ya mtu mpayukaji, lakini hajui kwamba ameulizwa "kwa nini". Historia yenyewe anaijua. Nilipomwuliza swali lile lile kwa Kiswahili alinipa sababu tano bila kupumua, na mbili kati ya hizo hata mimi nilikuwa nimezisahau. Basi alianguka Historia, au aliangushwa na neno?

Ami yake, mvuvi, alikuwa pembeni anashona nyavu. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mvuvi haulizwi ana nyavu ngapi. Huulizwa kapata nini." Nimerudi mjini na maneno hayo, na leo nakuletea wewe.

Maana usimcheke kijana wa Uroa. Wewe wa mjini ndiye uliyemfundisha! Daftari kama lile liko Kikwajuni, liko Miembeni, liko Kwahani. Mmekaa maskani jioni, mmoja anarusha neno, wa pili anarusha kubwa zaidi, na anayekosa jibu anazomewa. Ukienda kwenye mdahalo wa skuli, mshindi si mwenye hoja, bali ni mwenye neno lililowafanya wenziwe wabaki midomo wazi. Kiingereza kimegeuzwa kanzu ya Sikukuu, kinavaliwa kuonyeshwa watu kisha kinarudishwa sandukuni. Siku ya mtihani, ambayo ni siku ya kazi, mtu anajikuta yuko uchi.

Tuulizane, huu ugonjwa umetoka wapi?

Umetoka mbali. Enzi za Mwingereza, Kiingereza hakikuwa somo tu, kilikuwa mlango na bawabu wake. Katika mtihani ule wa Cambridge uliotoka ng'ambo, kijana angeweza kufanya vizuri masomo mengine yote, lakini akianguka Kiingereza cheti hakipati. Wazee wetu wakajifunza kuwa anayejua Kiingereza ni mtu wa ofisini na asiyejua ni mtu wa jembe. Bendera ikateremshwa, hofu ikabaki.

Na hapa kuna kichekesho ambacho sisi wa Unguja tungepaswa kukilia. Mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, wakoloni walichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya lugha ikaundwa mwaka 1930, vitabu vikaandikwa, na Afrika Mashariki nzima ikaambiwa izungumze na iandike kama watu wa Unguja. Leo Kiswahili hicho kinasikika Umoja wa Afrika na katika redio za Uingereza na Ujerumani. Halafu mtoto wa Unguja mwenyewe, mwenye lugha, anapewa sifuri kwa sababu amefikiri kwa Kiswahili! Mwenye nyumba analala nje, mgeni amejifungia ndani na ufunguo.

Baraza la Mitihani la Tanzania liliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mitihani yake ni jambo la Muungano. Kwa hiyo kijana wa Uroa na kijana wa Ukerewe hukaa mbele ya karatasi moja. Karatasi hiyo, ukitoa somo la Kiswahili na masomo mengine machache, ni ya Kiingereza. Sina ugomvi na karatasi kuwa moja. Ugomvi wangu ni kwamba mtoto amesomeshwa msingi kwa Kiswahili kwa sehemu kubwa, anaingia sekondari asubuhi moja, anakuta Bailojia, Jiografia na Historia zimebadilisha lugha usiku alipokuwa amelala. Mwalimu mwenyewe anaeleza kwa Kiswahili, anaandika ubaoni kwa Kiingereza. Mtoto ananakili asichokielewa na anaelewa asichokinakili. Miaka minne baadaye anaulizwa kwa lugha ya ubaoni.

Wakubwa hawalijui hili? Wanalijua, tena zamani. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie sekondari. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania, wakaona hali ni mbaya kiasi kwamba wengi hawawezi kusomea lugha hiyo. Pendekezo la Makweta likawekwa kabatini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Ni sawa, dunia ina Kiswahili chake. Lakini mtoto hufundishwa kuogelea kwanza, kisha ndiyo anatupwa mkondoni. Hapatupwi mtu mkondoni ili ndiyo ajifunze kuogelea.

Hapa kwetu, Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ikaelekeza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Dawa ya mgonjwa anayeshindwa kumeza ikawa kumwongezea ukubwa wa kidonge!

Kisha ukaja mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Nchi ikatikisika. Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa, na Mei 2013 yakatoka mapya yaliyopangwa upya. Sifuri nyingine zikageuka alama. Lakini je, Kiingereza cha watoto wale kilikua kati ya Februari na Mei? La hasha. Kilichobadilishwa ni kipimo. Maji yakabaki yale yale.

Wataalamu nao wamesema mpaka wamechoka. Birgit Brock-Utne wa Chuo Kikuu cha Oslo na wenzake wa Tanzania na Afrika Kusini walifanya jambo jepesi: waliwaonyesha wanafunzi wa sekondari picha, wengine wakaandika hadithi yake kwa Kiingereza, wengine kwa Kiswahili. Walioandika kwa Kiswahili walitoa hadithi zilizokamilika, zenye mantiki na hata mzaha. Wa Kiingereza wengi waliandika vipande vya sentensi visivyoshikana. Na picha ni ile ile. Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amelieleza kwa miaka mingi kuwa kufundisha Kiingereza vizuri ni jambo moja, na kufundisha kila kitu kwa Kiingereza kibovu ni jambo jingine kabisa.

Lakini, kijana mwenzangu, sikuandika leo ili nikupe kisingizio. Sera ikibadilika kesho, mtihani wako ni mwaka huu. Ukingoja wakubwa wakubaliane, utazeekea maskani ukiwa na daftari la maneno magumu na mvi mbili. Kwa hiyo turudi kwenye daftari.

Yale maneno makubwa unayoyakariri yametoka wapi? Mengi yametoka katika vitabu vya mtihani wa Wamarekani wa kuingilia chuo, ule unaoitwa SAT. Kitabu kimoja maarufu, cha Barron's, kilijulikana kwa orodha yake ya maneno 3,500. Vijana wa Marekani wenyewe walikuwa wakiyakariri usiku kucha kama wewe. Sasa sikiliza habari ambayo mwenye kukuuzia fotokopi hakukwambia. Mwaka 1994 Wamarekani waliondoa maswali ya maneno yenye maana kinyume. Mwaka 2005 wakaondoa maswali ya kulinganisha jozi za maneno. Mwaka 2016 wakaondoa na yale ya kujaza pengo kwa maneno ya nadra, wakasema wanataka maneno yanayotumika chuoni na kazini, yaulizwe ndani ya habari inayosomwa. Yaani wenye mali wameshaizika maiti, sisi bado tunaisomea khitma!

Na wewe unayetaka kwenda kusoma ng'ambo, ukaambiwa ufanye IELTS, nako kusikutishe. Hakuna sehemu inayokuuliza neno moja moja na maana yake. Katika kuandika, msamiati ni robo moja ya alama. Robo nyingine ni kujibu ulichoulizwa, nyingine ni mpangilio wa hoja, na nyingine ni sarufi. Na hiyo robo ya msamiati hupewi kwa ukubwa wa neno, unapewa kwa neno kukaa mahali pake. Ukiandika kuwa mama yako ni "ubiquitous" kwa sababu anakupenda, umejiangusha mwenyewe.

Basi maneno gani yana faida? Hapa nataka utulie, maana ndiyo mali niliyokuja nayo.

Alikuwapo Mwingereza mmoja, Michael West, aliyefanya kazi ya elimu Bengal, nchi iliyotawaliwa kama sisi na iliyosomeshwa kwa lugha ya watu kama sisi. Aliwaona watoto wakihangaika na vitabu vilivyojaa maneno wasiyoyahitaji. Mwaka 1953 akatoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi. Mwaka 2000, Averil Coxhead wa New Zealand akachukua maandishi ya vyuo yenye jumla ya maneno milioni tatu na nusu, ya sheria, biashara, sayansi na fani nyingine, akahesabu. Akapata mafungu 570 ya maneno ambayo hayamo katika yale 2,000 ya West, lakini yanarudi rudi katika kila somo la chuo.

Sasa piga hesabu, na hii ni hesabu ya kweli, si ile ya "Account for". Katika kila maneno 100 ya kitabu cha chuo, kama 76 ni yale 2,000 ya West. Mengine 10 ni yale 570 ya Coxhead. Jumla 86! Na yanayobaki mengi ni maneno ya somo lenyewe, yale ambayo mwalimu wa Kemia au Uchumi atakufundisha kwa vyovyote. "Perspicacious" yako humo haimo.

Na hayo 570 ni maneno ya namna gani? Si ya kutisha. Ni kama "factor", "policy", "evidence", "require", "assume", "significant", "consist", "derive". Hayana sura ya kupigiwa makofi barazani. Ukilitamka moja lao maskani hakuna atakayegeuka. Lakini ndiyo misumari ya chombo. Watu wanasifu tanga, chombo kinashikwa na misumari.

Na lile "account" lililomwangusha kijana wa Uroa? Ni neno la kawaida kabisa, limo katika yale 2,000. Hakuzama kilindini, alizama maji ya magoti.

Kwa hiyo anza na maneno ya amri, yale yanayoanzia swali. Si mengi. "Outline" maana yake taja mambo makuu kwa ufupi, usisimulie. "Distinguish" maana yake onyesha tofauti, usieleze kitu kimoja ukakiacha kingine. "Justify" maana yake toa hoja kuonyesha kwamba kauli uliyopewa ni ya kweli. "Discuss" maana yake jadili, lipime jambo kwa hoja. "To what extent" maana yake kwa kiasi gani, na hapo asiyetoa upande wa pili amepoteza alama hata akiandika kurasa kumi. Chukua mitihani ya miaka iliyopita, usijibu chochote kwanza, piga mstari chini ya kila neno la amri. Fanya hivyo wiki moja. Utashangaa jinsi mtihani ulivyokuwa ukikwambia unachotakiwa kufanya, ila wewe hukuwa unasikia.

Utaniuliza, hayo maneno 570 nitayashikaje, mimi kichwa changu kizito? Bwana wee, usinichekeshe. Wewe umesoma chuoni kwa maalimu. Umehifadhi sura ngapi za lugha usiyoizungumza? Ulihifadhije? Hukusoma Amma yote kwa usiku mmoja. Ulipewa kidogo, ukakirudia, na maalimu hakukuruhusu kuvuka mpaka umerudi nyuma kusoma ulichokipita. Tunaita kudurusu. Mjerumani mmoja, Ebbinghaus, aliandika mwaka 1885 jinsi akili inavyosahau haraka na jinsi kurudia kwa nafasi kunavyozuia usahaulifu. Maalimu wako wa mtaani hakumsoma Ebbinghaus, lakini alikuwa akilifanya hilo kila siku na bakora mkononi.

Basi dudurusu Kiingereza kama ulivyodurusu chuoni. Maneno matano kwa siku, siku 114, yaani miezi minne haijatimia, 570 yamekwisha. Leo matano mapya, pamoja na ya jana, pamoja na ya wiki iliyopita. Kila neno liandike ndani ya sentensi uliyoikuta kitabuni, si peke yake na maana yake pembeni. Neno la peke yake ni samaki nchi kavu. Haba na haba hujaza kibaba.

Na kuna siri nyingine uliyonayo na huitumii. Chuoni ulifundishwa kuwa maneno ya Kiarabu yana mizizi. Na sisi Waswahili tumeirithi bila kujijua: kitabu, katibu, maktaba, vyote shina moja la kuandika. Ukilijua shina, matatu umeyapata kwa bei ya moja. Kiingereza nacho kina mashina, mengi yametoka Kilatini na Kigiriki. "Port" ni kubeba. Weka "im" mbele, ni kubeba kuingiza. Weka "ex", ni kubeba kutoa. Weka "trans", ni kubeba kuvusha. "Spect" ni kutazama: "inspect" kutazama ndani, "spectator" mtazamaji. Mwana wa chuoni anayejua kufuata mzizi ameshapewa nusu ya kazi. Unaogopa nini?

Nimalize na jambo la Uroa tena, maana lina mafunzo mawili. Jioni ile nilishuka pwani nikawakuta papasi wawili wanazungumza na wageni. Kiingereza kinateleza, Kitaliana kinateleza, hakuna aliyekaa darasani kujifunza Kitaliana. Funzo la kwanza ni kwamba asikudanganye mtu kuwa vijana wetu hawana akili ya lugha. Lugha huja pale inaposikiwa na kuhitajiwa. Funzo la pili ni kwa papasi mwenyewe, na kwa wewe wa mjini unayezungumza na watalii Forodhani ukadhani umemaliza. Jim Cummins wa Kanada alieleza tangu mwaka 1979 kwamba lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo ni mambo mawili. Ya mazungumzo mtoto huweza kuipata kwa miaka kama miwili. Ya masomo humchukua mitano hadi saba. Lugha ya ufukweni inauza chombo cha kwendea kutazama samaki. Haijibu "To what extent". Ya pili hupatikana kwa kusoma, na kusoma maana yake kurasa, si maneno. Nenda maktaba kuu pale Maisara. Soma gazeti la Kiingereza kila siku hata ukurasa mmoja. Soma hadithi nyepesi uzielewe, usianze na kitabu kitakachokushinda ukurasa wa pili.

Sasa nawageukia wakubwa, na maneno yangu kwao ni machache. Watoto wenu wengi mmewapeleka skuli za kulipia, wanaanza Kiingereza na uji wa asubuhi. Sina wivu, kila mzazi humtakia mwanawe kheri. Lakini msikae mezani mkaipima nchi nzima kwa ratili ambayo watoto wenu tu ndio waliopewa mawe yake. Kama mtihani ni wa Kiingereza, basi skuli ya Uroa ipewe mwalimu wa Kiingereza anayekijua, na vitabu vya kusoma, si kimoja kwa watoto kumi. Maneno ya amri ya mtihani yafundishwe tangu kidato cha kwanza, isiwe siri ya wenye fedha za tuisheni. Na kama hayo hamyawezi, basi mtoto aulizwe kwa lugha aliyofundishiwa, na Kiingereza kibaki somo linalofundishwa kwa nguvu zote. Chagueni moja. Kushika yote mawili kwa mkono mlegevu ndiko kulikotufikisha hapa. Mshika mawili moja humponyoka, na linaloponyoka kila mwaka ni mtoto wa mnyonge.

Nawe kijana, nikuage na neno moja. Ile sifuri wanayokupa unaijua asili yake? Ni Kiarabu, sifr, yaani tupu. Sisi tukaichukua tukasema sifuri. Wazungu wakaichukua wakapata "zero", na wakapata "cipher", maandishi ya siri. Neno moja, mzizi mmoja, likapita baharini likaingia kwao na kwetu. Basi maneno si ya Mwingereza peke yake. Yametoka kwetu yakaenda kwao, yakatoka kwao yakaja kwetu, na "safari" yetu imo katika kamusi zao. Usiyapigie magoti na usiyafanye mapambo. Yatie kazini.

Yule kijana wa Uroa tuliagana magharibi. Nilimwachia orodha ya maneno ya amri nyuma ya kadi ya arusi. Hakulitupa daftari lake, na sikumwambia alitupe. Aliligeuza, akaanza upya kutoka nyuma, na neno la kwanza aliloliandika, kwa hati ile ile nzuri, lilikuwa "Account for: toa sababu".

Wewe la kwanza utaandika lipi?

Alamsiki.